JINO LINALOKUNYIMA USINGIZI

Masomo: 2 Wafalme 20:1-7, Zaburi 139:23-24, Wafilipi 4:6-7



Nawasalimu wote wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo, ninyi mliozaliwa hapa Nakivale na ninyi mliofika juzi na magodoro yenu. Neema ya Bwana iwe juu ya kila nyumba inayosoma karatasi hii.

Huenda mtashangaa kuona neno la mwezi huu ni juu ya meno. Mtasema, Pasta amekosa la kuhubiri? Hapana. Wanaobaki baada ya ibada kuombewa, wengine huja na shida ya watoto, wengine na kesi ya interview, wengine na ndoa. Lakini wako pia wanaosogea pembeni, wanashika shavu kwa mkono, na wanasema kwa sauti ndogo: "Pasta, kuna kitu katika jino langu. Sijui ni nini. Silali." Si mmoja, si wawili. Na nikiwauliza kama wamekwenda kwa daktari wa meno, wanaangalia chini.

Tena Biblia haikuona haya kutaja meno. Mithali 25:19 inamfananisha mtu asiyeaminika siku ya taabu na jino lililovunjika. Yeyote aliyetafuna mahindi makavu kwa jino lililopasuka anajua Sulemani alikuwa anasema nini. Ayubu alitaja meno yake katika mateso. Yeremia alilia kwamba meno yake yamevunjwa kwa changarawe. Kama Roho Mtakatifu aliruhusu jino liandikwe katika Neno, na sisi turuhusu lizungumzwe kanisani.

1. HOFU INAVYOANZA

Haianzi na maumivu makubwa. Inaanza na jambo dogo lisilo na jina. Maji baridi ya kisima yanapita kwenye jino kama umeme. Au jino moja unalisikia limekuwa refu kuliko wenzake. Au ufizi unapiga, tu, tu, tu, kama moyo. Au asubuhi unaamka taya limechoka kana kwamba umetafuna usiku kucha. Ulimi unakwenda pale. Unautoa, unarudi. Unachukua simu, unawasha tochi, unafungua mdomo mbele ya kioo kidogo. Huoni kitu. Baada ya nusu saa unaangalia tena.

Usiku mawazo yanakuja kwa mstari. La kwanza linasema: ni kansa. La pili linasema: ni jirani yule tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, amenitupia kitu. La tatu linasema: wataling'oa, damu haitakata, watoto nitawaachia nani katika nchi ya wageni? Kulipopambazuka jino halijabadilika hata kidogo, lakini wewe umezeeka.

Wapendwa, mtu mwenye hofu ya namna hii si mwenye dhambi kuliko wengine. Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane alihuzunika sana, na jasho lake likawa kama matone ya damu. Paulo anapotuambia katika Wafilipi 4 tusijisumbue, hatuambii tujifanye hatuna shida. Anatuambia tuipeleke. Haja inayojulishwa kwa Mungu ni haja iliyotajwa kwa jina lake. Basi anza hapo. Sema: Baba, gego langu la chini upande wa kushoto linanishtua, na ninaogopa. Hayo ni maombi kamili.

2. ALIYELIUMBA JINO ANALIJUA

Zaburi ya 139 inatufundisha kwamba Mungu alitufuma tumboni mwa mama zetu, na Daudi anamwomba Mungu amchunguze na kuyajua mawazo yanayomsumbua. Kama ni hivyo, tunaweza kuuliza bila woga: jino limeumbwaje?

Nje lina ganda gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa mwanadamu, hata mfupa. Chini ya ganda hilo kuna sehemu laini zaidi yenye vijitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani kabisa kuna chumba chenye damu na mishipa ya fahamu. Ganda likiliwa na uozo, au likipasuka, au ufizi ukirudi nyuma na kuacha shina wazi, baridi na utamu hupita katika vijitundu vile na kuugusa mshipa. Ndiyo ule umeme unaousikia. Si mzimu, na si jirani. Ni mlango uliobaki wazi.

Waganga wa meno wametufundisha kutofautisha. Ukinywa kitu cha baridi jino likashtuka, kisha likatulia mara moja, shida mara nyingi bado iko nje, na inaweza kutibiwa kwa kuziba tundu au kwa dawa nzuri ya mswaki. Likiendelea kuuma muda mrefu baada ya chai ya moto, likikuamsha usiku lenyewe, uozo huenda umefika ndani. Likiuma unapotafuna na kuuma tena unapoachia, huenda limepasuka. Na kama uliuma sana, kisha maumivu yakaisha ghafla bila dawa, usitoe ushuhuda haraka. Pengine mshipa umekufa, na usaha unajikusanya chini kimyakimya. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika meno msemo huu ni kweli neno kwa neno.

Tena usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilihesabu watu wapatao bilioni 3.5 duniani wenye magonjwa ya kinywa, karibu nusu ya wanadamu wote. Hakuna mchawi mwenye nguvu ya kuloga nusu ya dunia. Sukari peke yake inaweza, ikisaidiwa na uvivu wa mswaki.

Na wale wanaosema, "Kwetu ni laana ya ukoo, baba alikuwa hivyo, babu alikuwa hivyo," wasome Yeremia 31:29-30. Waisraeli waliokuwa uhamishoni, wakimbizi kama sisi, walikuwa na methali: baba wamekula zabibu chungu, na watoto ndio meno yao yametiwa ganzi. Mungu akasema siku zinakuja methali hiyo haitasemwa tena. Bwana ameifunga. Usiifungue wewe.

3. HOFU INAPENDA GIZA

Hofu ina nguvu ikifichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna mama katika kanisa letu ambaye amenipa ruhusa nisimulie habari yake bila jina. Alikimbia Rutshuru mwaka 2012 akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Kwa muda mrefu aliamka kila asubuhi na meno yanauma, yote, juu na chini, na kichwa kinagonga pande mbili. Alitafuta tundu, hakuliona. Akaamini ana pepo mdomoni, kwa sababu watoto walimwambia, "Mama, usiku unatoa sauti kama mtu anayesaga mawe." Aliogopa kulala nyumba moja na wageni. Aliacha mkesha wa wamama. Alikumbuka maneno ya Mathayo 8 juu ya kilio na kusaga meno, akaamini Mungu amekwisha kumhesabu pamoja na waliotupwa nje.

Mwisho alimwambia mke wa shemasi mmoja, na huyo akaenda naye kwa daktari. Daktari alitazama akasema meno hayajaoza. Yamesuguana. Ncha zake zimelika, na misuli ya taya imevimba kwa kazi ya usiku. Kisha akamwuliza swali ambalo mama huyu hakulitarajia kwa mtu wa meno: "Mama, ulipita katika mambo gani?" Akalia pale pale kwenye kiti.

Wapendwa, mwili unakumbuka. Mchana tunacheka, tunapanga foleni ya mgao, tunaimba. Usiku taya linabana kana kwamba bado tuko kichakani tunazuia mtoto asilie. Kusaga meno namna hii si alama ya jehanamu. Mathayo 8 inasema juu ya hukumu ya wasioamini. Haisemi juu ya mjane anayeota ndoto za vita. Mama huyu alifundishwa mambo rahisi: mchana azoee midomo kufungana na meno kuachana, jioni aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye taya, aache kutafuna miwa na mahindi magumu kwa muda, na apelekwe kwa mshauri anayesikiliza watu walioumizwa na vita. Hajapona kila kitu, lakini amerudi kwenye mkesha. Akisaga, wenzake wanamgusa bega, anageuka, analala.

4. MAOMBI NA TINI

Sasa nijibu wale wanaosema, "Mtu wa imani haendi hospitali. Asa alikwenda kwa waganga akafa." Ni kweli 2 Mambo ya Nyakati 16:12 inasema Asa, alipougua miguu, alitafuta waganga wala hakumtafuta Bwana. Lakini soma sura nzima. Kosa la Asa ni lile lile alilokwisha kukemewa juu ya mfalme wa Shamu: aliacha kumtegemea Mungu. Andiko linalaumu kumwacha Bwana. Halikulaumu kutibiwa.

Weka karibu yake habari ya Hezekia. Mfalme huyu aliugua karibu na kufa. Aligeukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya alikuwa bado hajatoka katika ua wa kati, Mungu akamrudisha na jibu: nimeyasikia maombi yako, nimeyaona machozi yako, nitakuponya, nitakuongezea miaka 15. Jibu limekwisha kutoka mbinguni! Ungedhani Isaya angesema haleluya na kwenda nyumbani. Lakini andiko linaendelea. Isaya akaagiza waletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, naye akapona.

Jipu, wapendwa! Na wengi wetu tunaoshika shavu tuna jipu la jino. Mungu yule yule aliyesema nitakuponya ndiye aliyeruhusu tini zitumike. Tini hazikuiba utukufu wa Mungu. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Bwana wetu alisema wenye afya hawahitaji tabibu bali walio wagonjwa, wala hakumdharau tabibu aliposema hivyo.

Na ninyi mnaoogopa sindano ya ganzi, kumbukeni Mwanzo 2:21. Mungu alipotaka kutoa ubavu wa Adamu, alimletea kwanza usingizi mzito. Hakumpasua macho yamefunguka. Wanadamu walichelewa sana kupata rehema ya namna hiyo. Ni tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali moja ya mji wa Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alipoonyesha mbele ya watu jinsi mgonjwa anavyoweza kupasuliwa bila maumivu kwa kuvuta hewa ya etha. Tazama, ni mtu wa meno aliyesaidia kuufungua mlango huo kwa wagonjwa wote. Leo ganzi ya jino ni sindano ndogo ufizini. Inauma kidogo kwa muda mfupi, kisha mdomo unakuwa mzito, na kazi inafanyika.

Lakini tini ziwe tini kweli. Si kila kitu kinachowekwa kwenye jino ni dawa. Maji ya betri, petroli, tumbaku, aspirini iliyosagwa na kubanwa ufizini, vyote vinachoma nyama ya kinywa na kuacha kidonda juu ya ugonjwa. Vidonge vya antibiotiki viwili vitatu vya kununua dukani haviondoi chanzo cha uchungu. Chanzo kiko ndani ya jino, na lazima mtu alifungue, alizibe au aling'oe. Na mtu wa sokoni mwenye koleo, asiye na ganzi wala vifaa vilivyochemshwa, atakutoa jino moja na kukuachia ugonjwa wa damu.

5. KITI KILE

Najua kuna wanaosema, "Pasta, haya yote nayajua. Ninachoogopa ni kile kiti."

Baba mmoja kutoka Masisi, naye ameniruhusu, alipigwa na kitako cha bunduki mdomoni wakati wa vita. Meno mawili ya mbele yaliondoka siku ile ile. Gego moja lilibaki, lakini limepasuka. Kwa miaka mingi alitafuna upande mmoja tu. Mara mbili alifika mlangoni kwa daktari wa meno akarudi. Watu walimcheka, mwanamume mzima anaogopa sindano. Siku moja aliniambia: "Pasta, siogopi sindano. Naogopa kulala chali, mtu amesimama juu yangu, na chuma mkononi."

Sikuwa na andiko la kumjibu saa ile. Nilimwambia tutakwenda wote wawili. Kabla hajaingia, tulimweleza muuguzi kwa maneno machache, bila hadithi ndefu. Daktari alikuwa kijana. Alimwambia: "Mzee, hutalala chali. Utakaa. Mlango tutauacha wazi. Nitakuonyesha kila kifaa kabla sijakishika. Na ukiinua mkono, nitaacha. Wakati wowote."

Baba huyu aliinua mkono mara tatu. Mara tatu daktari aliacha, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Mara ya nne hakuinua. Jino likatoka. Tulipokuwa tunarudi, amebana pamba mdomoni, hakuweza kusema. Nyumbani jioni alisema neno moja tu: "Kule porini niliinua mikono yote miwili, hakuna aliyeacha. Leo niliinua mmoja."

Mnaona, wapendwa? Kwa huyu ndugu uponyaji ulikuwa zaidi ya gego. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye chuma alimtii.

Basi wewe unayeogopa, una haki ya kumwambia daktari hofu yako. Si aibu. Mwombe akueleze. Mwombe ishara ya mkono. Na wewe usiyeogopa, usicheke. Kutoka 17:12 inasema mikono ya Musa ilikuwa mizito, Haruni na Huri wakaitegemeza, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua likachwa. Hawakumhubiria Musa juu ya nguvu. Walimshika mikono.

Na ninyi mliovunjwa meno na maadui, mkaona haya kucheka mbele za watu, jueni hamko wa kwanza. Mwaka 249, huko Aleksandria, katika Afrika hii yetu, kundi la watu lilimkamata Apolonia, mwanamke mzee wa kanisa, likampiga mpaka meno yake yote yakavunjika, kwa sababu alikataa kumkana Kristo. Askofu wake Dionisio aliandika habari hiyo katika barua, na mwanahistoria Eusebio akaihifadhi. Kanisa halikusahau meno ya mama yule. Wala Bwana hajasahau yako. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini pengo si aibu mbele za Mungu.

6. MENO YA WATOTO WETU

Lazima niseme na jambo hili, maana hapa hofu ya wazazi inaua. Mtoto mchanga akipata homa, akahara, akakataa titi, wengine husema ana meno mabaya ndani ya ufizi, yale ambayo wenyeji wa hapa huita ebiino na wengine huyaita meno ya plastiki. Humpeleka kwa mtu anayechimbua ufizi kwa spoki ya baiskeli au kisu. Anatoa vitu vyeupe laini na kusema, ndiyo haya!

Ndugu zangu, vile vyeupe ni meno halali ya mtoto ambayo hayajakomaa. Mungu ameyapanda, wewe unayang'oa kabla ya msimu. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda au sumu ya damu, na kufa. Akipona, meno yake ya ukubwani yanaweza kuharibika. Na homa ile ilikuwa malaria, au tumbo, au kifua, na dawa yake ilikuwa kituo cha afya. Mama, mtoto akiwa na homa, mkimbize kituoni siku hiyo hiyo. Mtu akikuambia habari ya ebiino, mwambie Pasta amekataza.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, omba kwa jina la jambo lenyewe, kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Pili, acha kulichokonoa jino kwa msumari, kijiti au ulimi. Jino lenye afya nalo likiguswa mara hamsini kwa siku litauma. Jipe kanuni: nitaangalia mara moja jioni, basi. Andika katika karatasi limeanza lini, linauma wakati gani, kwa baridi au moto, kwa muda gani. Karatasi hiyo itamsaidia daktari, na itakusaidia kulala, kwa sababu kilichoandikwa hakihitaji kukumbukwa usiku.

Tatu, nenda ukaonwe. Mwulize kwanza mhudumu wa afya wa kijiji chako, wale tunaowaita VHT, daktari wa meno yupo siku gani na wapi. Vituo vya chini havina. Vituo vikubwa na hospitali kama ya Mbarara ndizo zenye wataalamu hao. Serikali ya Uganda iliondoa malipo ya mgonjwa katika vituo vyake mwaka 2001, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 ilitupa haki zetu za msingi katika nchi hii. Lakini uliza mapema kama vifaa vipo, na upange nauli, usije ukafika ukarudi bure. Mweleze daktari kama una mimba, sukari, presha, au unatumia dawa yoyote. Unaweza kuuliza kwa heshima kama vifaa vimesafishwa kwa joto na sindano ni mpya. Daktari mwema hakasiriki.

Nne, usiogope maneno ya barabarani kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha macho. Si kweli. Kinachohatarisha jicho na uhai ni usaha uliofichwa ukapanda. Kwa hiyo, ukiona shavu au shingo imevimba, homa, mdomo haufunguki, kumeza au kupumua kunakuwa kugumu, usingoje Jumapili kuombewa. Nenda usiku huo huo, nasi tutaomba ukiwa juu ya boda. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili au tatu nacho kionwe. Mara nyingi si kansa, lakini mwenye kujua aseme.

Tano, baada ya kung'olewa, bana pamba uliyopewa bila kuitoatoa. Usisukutue kwa nguvu siku ya kwanza. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Damu ikikataa kukata, rudi.

Sita, tunza yaliyobaki. Mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Asiye na mswaki wa dukani atumie wa mti, taratibu, afike na nyuma. Acheni mchanga na makaa, vinasugua ganda ambalo halioti tena. Punguzeni sukari katika chai ya watoto. Najua chai ni faraja yetu, lakini vijiko vinne ni vya nini?

MWISHO

Mwezi huu tumeomba mashemasi na wamama wa huduma waandike majina ya wanaohitaji mtu wa kwenda nao kwa daktari wa meno. Huna haja ya kueleza sababu. Sema tu, "Nahitaji mtu." Vijana wenye nguvu, jiandikisheni kusindikiza. Kukaa saa tatu kwenye benchi na ndugu anayetetemeka ni ibada.

Wapendwa, miili hii imebeba mengi. Imevuka mipaka usiku, imelala chini ya turubai, imekula yasiyolika. Siku inakuja ambayo Ufunuo 21:4 inatuahidi, maumivu hayatakuwapo tena, na hakuna atakayeshika shavu. Mpaka siku hiyo Mungu ametupa maombi, ametupa tini, na ametupa sisi kwa sisi. Tusikatae hata kimoja.

TUOMBE. Baba yetu, wewe unajua idadi ya meno yetu na ya mapengo yetu. Waangalie wanaokesha usiku huu kwa hofu ya jambo wasilolijua. Wape ujasiri wa kulitaja, mtu wa kwenda naye, na daktari mwenye mkono wa upole. Wabariki wanaotutibu katika nchi hii iliyotupokea. Linda vinywa vya watoto wetu. Na midomo uliyoiponya ikusifu. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Mtumishi wenu katika Bwana,
Mchungaji